Barua ya wazi kwa walimu vijana wa Kiswahili: someni msichofundisha

Walimu wenzangu vijana,

Salaam nyingi, na heri ya mwaka mpya. Nawaandikia kutoka Tanga, mimi mwalimu mstaafu ambaye chaki imeshamtoka mkononi lakini mdomo bado haujastaafu. Mtanivumilia.

Mwishoni mwa 2024 nilikaribishwa kukaa na baadhi yenu kwenye semina ya walimu wa Kiswahili. Kila aliyesimama alilalamika kwamba wanafunzi hawasomi: wananunua mwongozo, wanakariri dhamira, wanaingia nazo kwenye mtihani na kuzitapika. Wakati wa chai nikauliza, kwa upole tu, nani kati yetu amesoma mwaka ule riwaya ambayo haimo kwenye orodha ya vitabu teule. Ghafla kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake.

Sikuwacheka. Najua darasa lilivyofurika, najua madaftari yanayowafuata mpaka nyumbani, najua na mshahara. Lakini mwongozo ni chakula alichokwisha kutafuna mtu mwingine, na mwalimu anayekila hichohicho hana la kumwambia mtoto kuhusu utamu wake. Basi nikaamua mwaka 2025 nisome vitabu nisivyowahi kuvifundisha, pamoja na vichache nilivyovifundisha mno hata nikaacha kuvisoma. Haya ndiyo yaliyonipata, mwezi baada ya mwezi.

Januari nilianza na Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Jina mnalijua kutoka chuoni: Mkerewe, mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliyezaliwa 1896, akamaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Hayo yanatosha kujibia swali la mtihani. Kitabu chenyewe ni habari nyingine. Kurasa za mwanzo zilinichosha, sitawaficha. Mtu akienda ukweni, Kitereza hamfikishi upesi. Kuna njia, kuna salamu, kuna namna ya kupokewa na kukaribishwa. Wakwe wa Myombekere wamemchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume juu ya ndoa isiyo na mtoto, na ili arudishiwe mke, Myombekere atoe pombe ya ndizi. Basi na wewe msomaji utaipika pombe hiyo pamoja naye, hatua kwa hatua, mpaka iwe tayari kubebwa.

Katikati ya Februari bado nilikuwa Ukerewe, na nilikuwa nimekwisha kuacha kuangalia namba za kurasa. Hapo ndipo nilipowakumbuka ninyi, na mimi mwenyewe wa enzi zile, tunavyosimama mbele ya darasa wakati watoto wako sura ya pili na kuuliza: "Dhamira kuu ni ipi?" Mwandishi mwenyewe hajafika huko. Mwacheni mtu atembee.

Kwa kuwa nilikuwa kisiwani tayari, nikaona nimfuate mwenyeji mwingine. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe hiyohiyo, mwaka 1944. *Rosa Mistika* ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Sisi tuliokuwa vijana tuliisoma kwa kupokezana, kimyakimya. Safari hii nimeisoma nikiwa nimetoka kwa Kitereza, na nikaona jambo ambalo mwongozo hauwezi kukuonyesha, maana mwongozo huangalia kitabu kimoja kimoja. Kule, ukoo mzima unahangaika, waganga wanatafutwa, ili nyumba ipate mtoto. Huku mtoto yupo, tena msichana mwerevu, na baba yake Zakaria anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni kisiwa kilekile. Kati ya ulimwengu wa kwanza na wa pili zimeingia shule, misheni, fedha na chupa. Ningekuwa bado darasani, ningeviweka vitabu hivi viwili juu ya meza moja, nisiseme neno, niwaachie watoto wabishane hadi kengele ilie.

Machi ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Baada ya tarawehe sikuwa na nguvu ya riwaya, nikarudi kwenye tenzi. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858, akimwachia wasia bintiye, Mwana Hashima. Walimu wanawake mmewahi kuniambia kwamba utendi huo unawakera, kwamba unamfundisha mke kumnyenyekea mume kupita kiasi. Ukereke, mwanangu, na uendelee kusoma. Huyu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyepigana na Sayyid Said, sultani wa Unguja. Mama mgonjwa anayejua anamwacha binti peke yake katika mji wa wanaume wenye silaha. Anampa alichonacho. Soma hivyo, halafu kasirika tena ukitaka. Hasira ya pili itakuwa na elimu ndani yake. Na tafadhali, utenzi usomwe kwa sauti, ikiwezekana uimbwe. Mmewafundisha watoto kuhesabu mizani nane kwa vidole, wakahesabu vizuri sana, na hawajawahi kuusikia.

*Al-Inkishafi*, utenzi juu ya kuanguka kwa mji wa Pate, niliisoma usiku wa kuamkia ishirini na saba. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia, halafu anakupeleka ndani: yale madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kauri, sasa wamelala makinda ya ndege. Mtu anayetaka kumfundisha mtoto taswira ni nini, asitafute maana ya neno hilo kwenye kamusi. Amwonyeshe daka hilo.

Aprili, mvua. Nilijaribu *Nagona*, kitabu chembamba cha Kezilahabi cha mwaka 1990, nikafika mwisho bila kujua nimefika wapi. Nitakirudia. Nalisema hili ili mwanafunzi wenu akisema "Mwalimu, sikuelewa," asionekane mzembe.

Mei nilitolewa mtoto wa jicho. Daktari akanikataza kuinama, kubeba vizito na kukaza macho, na mimi bila kitabu ni mtu mgumu kuishi naye, ndugu zangu watawaambia. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu akapewa kazi ya kunisomea jioni. Nikamchagulia *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi ni Bwana Msa, mzee mwenye kiko, na pembeni yake Najum, anayeshangaa kwa niaba yetu sote.

Siku za kwanza kijana alisoma kama anayetangaza vifo redioni. Maneno ya Kiunguja yakimshinda anayaruka, anadhani Babu amesinzia. Nikamwambia asome taratibu, na Bwana Msa akizungumza ampe sauti yake mwenyewe, tuone. Akaona aibu, kisha akajaribu: sauti nzito, kidogo ya puani, na kituo kirefu pale mzee anapovuta kiko. Tangu hapo hakuruka neno. Akikwama ananiuliza, nami nisipojua anashuka jikoni kumuuliza bibi yake, aliyekulia Unguja, na bibi anamjibu huku akikuna nazi.

Jioni moja nikagundua ametangulia. Alikuwa amesoma mchana bila mimi. Nilijuaje? Kila muuaji alipotajwa, sauti ya kijana ilibana, neno likatoka kwa uangalifu kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Nikamjua muuaji kwa koo la mjukuu wangu kabla Bwana Msa hajamjua. Sikumwambia. Tukaendelea vilevile, kila mmoja akimficha mwenzake, mpaka sura ya mwisho.

Nawapa hili kama ushauri mkubwa kuliko mengine yote ya barua hii: someni kwa sauti darasani. Si mtoto mmoja asimame asome aya huku wenzake wanapiga miayo. Someni ninyi, walimu, dakika kumi mwisho wa kipindi, kitabu kisicho na mtihani, na kateni pale panapouma. Mtaambiwa mnapoteza muda wa silabasi. Kubalini.

Juni ilipita na *Kuli* ya Adam Shafi, ya 1979. Ninyi mnamjua Shafi kwa *Vuta N'kuvute*, kwa sababu imekaa sana kwenye mtaala wa kidato cha tano na sita. *Kuli* inatangulia, na inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Si bora kuliko *Vuta N'kuvute*. Mahali pengine mwandishi anahubiri. Lakini anayesoma zote mbili anamwona mtu akijifunza kazi yake ya kuandika kwa miaka ishirini, na hilo linampa moyo kijana anayeandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, palikuwa na hotuba nyingi. Mimi nilibaki nyumbani na *Sauti ya Dhiki*. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kama wengi wenu, kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa gerezani mpaka 1972. Mashairi aliyaandika humo kwa siri, kwenye karatasi za chooni, na yakatoka kitabu mwaka 1973. Mnalalamika kwamba Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinawasumbua wanafunzi. Kinawasumbua kweli, nami kimenisumbua. Lakini hebu fikirini: mtu amefungiwa peke yake, karatasi ni haba na inaweza kunyang'anywa wakati wowote, na bado vina vyake vimetimia na mizani haijapungua. Hakuna aliyemwahidi alama. Kila nikisikia mwalimu akisema ushairi wa kimapokeo ni minyororo inayombana mshairi, namkumbuka aliyekuwa ndani ya kuta za kweli.

Agosti nilisoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwetu kwa Kiswahili mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobeli ya 2021. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, naye hajui. Anaendelea kumwita Ami. Khalil, aliyetangulia kuchukuliwa, ndiye anayemrudi: huyo si ami yako. Nimeona baadhi yenu mnaogopa tafsiri, mnasema si fasihi ya Kiswahili. Mswahili wa Malindi ya Unguja anasimulia habari za pwani na bara, msafara, deni, duka lenye baraza mbele. Ikiwa hicho si chetu, sijui chetu ni kipi.

Septemba ilikuwa ya maulidi, harusi na misiba. Sikufungua kitabu, na dunia haikuanguka.

Mwisho wa Oktoba, siku zile intaneti ilipozimwa na wengi wakabaki majumbani, niliishika *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Nimeifundisha sana. Nimesahihisha sijui majibu mangapi yanayoanza "Kusadikika ni nchi ya kufikirika iliyoko angani", na mengi nimeyapa alama. Kukaa na kuisoma mfululizo, mchana mzima bila simu kulia, nilikuwa sijafanya tangu ujana. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nje mmoja baada ya mwingine, wakarudi na mambo mema, na kila mmoja akaishia gerezani. Mwandishi aliyachapisha haya mwaka 1951, chini ya Mwingereza, naye akiwa karani wa serikali. Miongozo husema mwandishi alitumia fumbo kwa kuogopa ukoloni. Sawa. Lakini nilipokuwa nasoma wiki ile niliona namna anavyoipanga kesi: mshitakiwa hasemi neno la kujisifu, hamtukani hakimu, anawaweka wajumbe mbele na kuwaacha wahukumiwe upya mbele ya kila mwenye masikio. Hiyo ni kazi ya fundi. Tumeihesabu kama woga kwa sababu tulisoma muhtasari.

Novemba, wakati wa mitihani ya kidato cha nne, nilijistarehesha kwa Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Wapelelezi wao, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, wamewafundisha Watanzania wengi kusoma kuliko mimi na ninyi tukijumlishwa. Mkimkuta mtoto na kitabu cha namna hiyo chini ya dawati, msikichukue. Au kichukueni, mkisome, mkirudishe kesho.

Desemba nilipitia daftari langu. Kwa kila kitabu niliandika mistari michache tu: paliponishtua, neno nililolisikia kwa mara ya kwanza, na mtu ninayetaka kumpa kitabu hicho. Fani na maudhui sikuandika. Mkianza daftari la namna hii, hiyo safu ya tatu msiiache. Ndiyo iliyonifanya nianze kugonga milango ya watu.

Vitabu hivi ninavyo, isipokuwa Kitereza ambaye nilimwazima na amerudi kwa mwenyewe. Mwalimu yeyote kijana aliye Tanga au anayepita Tanga aje baada ya alasiri; ulizeni nyumba ya mwalimu mstaafu, mtaa mzima wanajua. Kitabu kimoja kwa mtu, mwezi mmoja. Msipigie mistari kwa kalamu ya wino, na *Sauti ya Dhiki* haitoki nje ya uwanja wangu: inasomwa hapahapa barazani, kahawa ipo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga, Januari 2026