Unataka kwenda kudaivu Bonaire? Soma hii kabla hujalipia tiketi

Wateja wengi wakitupigia kuhusu Karibiani huwa tayari wana picha kichwani, minazi, mchanga mweupe, machela imefungwa kwenye miti miwili. Sasa hiyo mbona ipo hapa hapa Paje na Diani, huna haja ya kukaa hewani karibu masaa ishirini kuifuata. Lakini mtu akituambia anapenda kudaivu, anapenda ndege na mapori, na hataki hoteli zile za muziki mpaka saa nane usiku, sisi tunamtajia Bonaire, na swali linalofuata karibu kila mara ni "iko wapi hiyo?"

Iko kusini kabisa mwa Karibiani, jirani na Venezuela, mashariki mwa visiwa viwili ambavyo pengine umevisikia zaidi, Aruba na Curaçao (ukitazama ramani utaelewa). Ni kakisiwa ka kilomita za mraba 288, mji mkuu unaitwa Kralendijk, kiko chini ya Uholanzi, pesa yao ni dola ya Marekani tangu 2011, watu wanaongea Kipapiamentu na Kiholanzi, na Kiingereza kinakufikisha popote. Tuseme ukweli mapema, fukwe za mchanga ni chache. Pwani yake kubwa ni mawe na vipande vya matumbawe yaliyokufa, kwa hiyo kama mwenzako anataka kulala kwenye mchanga wiki nzima wewe ukiwa chini ya maji, bora tuzungumze kisiwa kingine kabla ndoa haijaingia majaribuni.

Kinachofanya tuipende Bonaire ni jinsi unavyodaivu. Mtu aliyezoea kuzama Mafia au Watamu anajua siku nzima inapangwa na maji, bamvua likiwa kali pale mlango wa Kinasi, Mafia, unasubiri mpaka nahodha aseme sasa tunaweza, kusi likivuma kuna sehemu hufiki kabisa, na boti ikijaa unasubiri ya kesho. Bonaire haiko hivyo. Maji yakijaa na kupwa tofauti yake haifiki hata magotini, na upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa magharibi unakuwa umekingwa na kisiwa chenyewe na bahari inatulia. Mwamba unaanzia hatua chache tu kutoka ufukweni, unashuka taratibu mpaka kama mita kumi halafu unateremka kwa mteremko mkali. Boti ya nini sasa? Unakodi pikapu, unapita nayo pale wanapojaza hewa unapakia mitungi nyuma, unaendesha barabara ya pwani ukitafuta mawe yaliyopakwa rangi ya njano yenye majina ya sehemu za kudaivu, ukipenda moja unasimama. Zipo zaidi ya hamsini za hivyo za kuingilia kutoka nchi kavu. Saa kumi na mbili asubuhi au saa mbili usiku ni wewe na mwenzako wa kudaivu, hakuna wa kukuambia muda umeisha.

Na hapo ndipo shida inapoanza, maana uhuru huo ndio unaofanya watu wapange vibaya. Huku kwetu daiv masta ndiye anakubebea nusu ya mawazo, anakuangalia hewa, anajua mkondo unaelekea wapi, anakuonyesha pa kutokea. Kule ukiamua kuzama wenyewe hayo yote ni yako na mwenzako. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachouliza, hata kabla ya bajeti, ni mara ya mwisho umezama lini na wapi. Kama umekaa mwaka au zaidi bila kuingia majini, fanya kozi fupi ya kujikumbusha huku huku, Dar, Mombasa au Zanzibar, usisubiri ukafanyie kule kwa hela ya likizo. Na kama leseni yako ni ile ya kwanza ya mita 18, basi siku mbili tatu za mwanzo chukua mwongozaji, siyo aibu, utajifunza kuingia na kutoka.

Kuingia na kutoka ndiyo kazi yenyewe jamani. Watu wetu wamezoea kuanguka kinyumenyume kutoka kwenye boti, wamenunua mapezi yale ya kuvaa mguu mtupu, wakifika Bonaire wanakuta mawe yanateleza na vishimo na nungu wa baharini. Inavyofanyika ni hivi, unavaa mtungi ukiwa umekaa nyuma ya pikapu, mnashuka mmeshikana mikono mnapapasa kwa mguu kabla ya kuweka uzito, mapezi yako mkononi, maji yakifika kiunoni mmoja anamshikilia mwenzake avae, halafu wanabadilishana, mnaelea mnaondoka pale haraka kabla wimbi halijawarudisha. Kwa hiyo nunua viatu vya kudaivia vyenye soli ngumu na mapezi ya kamba nyuma. Glavu acha nyumbani, haziruhusiwi, sababu mtu mwenye glavu huanza kushika shika.

Kwenye gari usiache kitu. Siyo simu, siyo pochi, hata miwani ya jua nzuri. Wenyeji wenyewe wanaacha vioo wazi ili mwizi aone hakuna kitu asihangaike kuvunja, nawe fanya hivyo, acha taulo na chupa ya maji tu, na uulize kampuni ya magari bima yao inasemaje kuhusu hilo.

Sasa utaona nini. Usiende ukitegemea papa na manta, hiyo siyo sehemu yake. Bonaire ni ya vitu vidogo na rangi, farasi wa baharini aliyejizungusha kwenye kijiti, mikunga, pono wanaotafuna mwamba mpaka unawasikia, kasa karibu na Klein Bonaire, kile kisiwa kidogo kisicho na watu kinachotazamana na mji. Kuna meli ya Hilma Hooker iliyokamatwa na bangi nyingi ndani ikazama Septemba 1984, imelala ubavu kwenye kama mita 30, nzuri sana lakini siyo ya mwenye leseni ya mita 18. Kuna nguzo za gati ya chumvi, pale unazama tu kama hakuna meli inapakia. Usiku ukiwasha tochi wanakuja tarpon, samaki wakubwa wa fedha wanaofika urefu wa mtu, wamejifunza kuwinda kwa mwanga wa wadaivu, ukimmulika samaki mdogo sekunde chache hayupo, na tarpon amepita karibu na sikio lako hujui alikotokea. Na ukiweza kupanga safari yako iangukie siku chache baada ya mwezi mpevu, zama kabla mwezi haujachomoza, jua likiwa limezama kama saa moja hivi, zima tochi kabisa. Kuna wadudu wadogo mno wa majini, madume yao wanapanda juu wakiacha nukta za mwanga wa buluu zimepangana kwenye mstari, moja juu ya nyingine, giza zima linajaa mistari. Hii hatuwezi kukuhakikishia, ila tarehe tunaweza kukuchagulia.

Kingine kitakachokushangaza, yule samaki wa mistari mwenye miba mirefu iliyosimama kama mkia wa jogoo (lionfish kwa Kiingereza), ambaye huku kwetu unampiga picha unafurahi, kule ni adui. Jamii yake ni ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, alifika Karibiani kama mgeni, Bonaire wakamwona 2009, anakula vifaranga vya samaki wa pale na hakuna wa kumla kwa kasi inayotosha. Uvuvi wa mkuki umepigwa marufuku kisiwani tangu 1971 lakini kwa huyu tu wametoa ruhusa maalum kwa waliofundishwa, na mgahawani unamkuta kwenye menyu. Muagize bila huruma.

Sheria zao ni kali na tunakuomba uziheshimu maana ndizo zimefanya mwamba ule ubaki. Bahari yote kuzunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979. Unalipa ada ya mazingira, tunavyoandika ni dola 40, unalipia mtandaoni kwa STINAPA wanaosimamia hifadhi, na lazima uhudhurie maelezo na kufanya daivu moja ya majaribio mbele ya duka la kudaivu kabla hawajakuachia mitungi. Risiti hiyo hiyo inakuingiza Washington Slagbaai, hifadhi ya nchi kavu, usiitupe. Mbali na hiyo kuna kodi ya mgeni kuingia kisiwani, dola 75 kwa mtu mzima. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni na oktinoksati hayatakiwi tangu 2021, soma chupa yako, au vaa tu fulana ya mikono mirefu. Halafu kuna ugonjwa wa matumbawe uliothibitishwa pale 2023, unaua hasa yale ya mviringo yenye mikunjo, ndiyo maana utaambiwa uoshe vifaa kwa dawa. Vyako ulivyotumia Mnemba wiki iliyopita vioshe na kuvikausha vizuri kabla ya kufungasha.

Nchi kavu wengi wanaidharau, wanaiachia nusu siku. Sisi tunakata siku mbili na tunaziweka mwisho kwa makusudi, sababu baada ya kudaivu siku mfululizo mwili una naitrojeni iliyobaki kutoka hewa ya mtungi na kuruka nayo ni hatari, kiwango kinachoshauriwa ni angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege, sisi tunawawekea wateja 24 na hatubishani juu ya hilo. Ukiweka hifadhi ya Washington Slagbaai siku ya kabla ya safari unakuwa umeua ndege wawili kwa jiwe moja. Iko kaskazini, imekuwa hifadhi tangu 1969, ina kilima cha Brandaris mita 241 ambacho kupanda ni asubuhi na mapema kabla mawe hayajachemka, na mizunguko miwili ya barabara ya vumbi, mfupi kilomita 24 na mrefu 34, gari la chini hawakuruhusu. Utakuta mijusi mikubwa, kasuku wa mabega ya njano, madungusi marefu kuliko nyumba. Nenda lango linapofunguliwa, mchana wakishafunga kuingia hawakuelewi.

Kusini ni mashamba ya chumvi, maji ya waridi, flamingo wengi kwenye Pekelmeer ambao unawaangalia kutoka barabarani, usiwasogelee, wanazaa pale. Na pembeni ya barabara hiyo kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 hivi, vya watumwa waliokuwa wakivuna chumvi, Waafrika. Mlango unafika kiunoni, unaingia kwa kutambaa, ndani huwezi kusimama. Walilala humo siku za kazi halafu mwisho wa wiki walitembea mpaka Rincon upande wa pili wa kisiwa, masaa mengi, kwenda kuona familia zao, mpaka utumwa ulipofutwa 1863. Wageni wengi wanapiga picha dakika tano wanaondoka. Mtu wa kwetu atakaa zaidi, mpe nafasi kwenye ratiba. Halafu pita Rincon yenyewe ule mchuzi wa mbuzi na funchi, nayo funchi ni ugali, hutahitaji maelezo.

Kuhusu wakati wa kwenda, Bonaire iko chini ya njia ya kawaida ya vimbunga, lakini siyo kwamba haiguswi, Lenny 1999 na Omar 2008 vilileta mawimbi kutoka upande usiozoeleka na kuvunja matumbawe ya juu. Septemba na Oktoba kunakuwa na joto, upepo mdogo, bei nafuu na maji yametulia. Katikati ya Desemba mpaka Aprili ni ghali na meli za watalii zinaleta maelfu mjini kwa siku moja, siku hizo wewe kimbilia kaskazini.

Viza ndiyo inayokwamisha safari nyingi kuliko hela. Viza ya Schengen (ile ya nchi za Ulaya) na viza ya visiwa vya Karibiani vya Uholanzi ni vitu viwili, ingawa ubalozi ni ule ule. Ndugu zetu wenye kibali cha kuishi Uholanzi, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen kwao ni rahisi zaidi. Njia tunayopendelea ni Amsterdam, KLM wanakuja Dar na Nairobi na wanakwenda Bonaire, ila kama utatoka nje ya uwanja kulala mjini unahitaji Schengen, na mwenye pasi ya Kongo (DRC) anahitaji viza ya tranziti hata asipotoka. Ukipita Marekani, hata kwa masaa mawili tu, lazima uwe na viza yao, kwa hiyo tiketi ile ya bei poa ya kupitia Miami iangalie mara mbili. Kadi ya homa ya manjano beba.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi kudaivu, au inaishia mita fulani, chukua ya kudaivu kabisa. Hospitali ya kisiwa ina chemba ya presha, ya kutibu wanaougua baada ya kudaivu, lakini bila bima bili yake utaijutia. Umeme wao ni volti 127 na plagi za Kimarekani, chaja ya simu haina shida, pasi ya nguo usihangaike nayo.

Ukitaka tukupangie, tutumie picha ya ukurasa wa pasi, picha ya leseni yako ya kudaivu, tarehe uliyozama mara ya mwisho, na utuambie kama unakuja na mtu asiyezama, maana huyo tunampangia vyake, kuelea na snokeli Klein Bonaire, kujifunza kuteleza na tanga pale Sorobon maji yanapoishia kiunoni, kayaki kwenye mikoko ya ghuba ya Lac. Anza miezi minne kabla ukiwa na pasi ya Afrika Mashariki. Na tafadhali usilipie tiketi kwanza ndiyo utupigie.