Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: bia ya Ruaraka na pombe ya nyanya

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mambo ya hela namwachia mweka hazina maana yeye ndo ana vitabu, mi nitasema tu hatuna deni na kuna watu michango yao bado, mnajijua.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa kufuatilia, kwa ajili ya maonyesho yetu, historia ya kiwanda cha kwanza cha bia Nairobi, enzi hizo Nairobi ikiwa bado kamji ka reli tu, na reli yenyewe ilifika 1899. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, wakaanza kupika bia Ruaraka, Desemba hiyohiyo kreti 10 za kwanza zikapelekwa Stanley Hotel, alafu 1923 George akauawa na ndovu akiwa kwa kuwinda na ndo jina la bia yao, Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa kwa Kiingereza, likatoka hapo. Hiyo stori kila aliyesimama kwa mkutano aliirudia mpaka mzee mmoja akauliza, sawa ndovu tumemsikia, sasa hiyo bia babu zetu walikuwa wanainywea wapi?

Kimya.

Ukweli ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka 1947, yaani miaka 25 kiwanda kinapika hapo karibu na yeye anapitiwa tu na malori. Halmashauri ya mji ilikuwa na kilabu chake cha pombe Pumwani, hapo ndo aliruhusiwa, na mama aliyepika yake nyumbani akipatikana ni kukamatwa.

Kwa hivyo tukaenda kwa nyanya wa mwanachama mmoja anayejua muratina, pombe ya kienyeji ya asali. Alitushikisha tunda la mwegea lililopasuliwa na kukaushwa, jepesi kama sponji ya zamani, akasema chachu iko humo ndani, unaliloweka kwa asali na maji pahali penye joto, pombe ikiiva unalitoa unalianika, siku nyingine unalitumia tena. Lake alilirithi kwa mamake mkwe! Mimi hapo nikaona hilo neno "cha kwanza" kwa bango letu la maonyesho lina shida, maana akina mama walikuwa wanapika yao nyumbani, na kamati bado inabishana.

Rekodi ya siku hiyo haipo. Simu yangu ilijaa katikati, nilikuwa nimeambiwa nifute video nikapuuza, kosa ni langu. Nyanya amekubali turudi Agosti, mwenye simu yenye nafasi ajitolee mapema.