Pompi ya mazutu hainunuliwe kwa sura

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu wote ku redaksyo. Naandika juu ya pompi ndogo ya mazutu (dizeli) yenye haipatane na motere, kitu chenye kinakula makuta ya ba patro wa kamyo hapa Lubumbashi, na kila mara kosa linatupwa kwa ba Kadhafi, wauza mazutu wa njiani, peke yao, eti mazutu yao iko na maji. Mara zingine ni kweli. Lakini si kila mara.

Siku hizi garaji nyingi, mu komini za Kenya na Katuba, zinatoa motere ya zamani ya Benz ama Fuso na kuweka Cummins 6BT ya lita 5.9, juu inapatikana, hata Dongfeng za Uchina zilikuja nayo. Hapo sina neno, ni motere ya kazi. Neno langu ni ile pompi ndogo ya alimantasyo, yenye inavuta mazutu mu rezervwari na kuipeleka ku pompi ya enjeksyo, ile kubwa yenye inasukumia ba injekta mazutu kwa presyo kali. Motere imeingia, gerbox imefungwa, rangi imepakwa, ndio sasa wanaikumbuka, mutoto anatumwa sokoni "leta pompi ya mazutu" na analeta yenye amekuta.

Jamani, angalieni kwanza pompi ya enjeksyo yenyewe! 6BT iko na za namna mbalimbali. Kuna VE, ile yenye mirija yote sita inatoka pamoja ku kichwa cha nyuma, hiyo iko na kapompi kake ndani kwa hiyo inataka kusukumiwa kidogo tu, presyo ya chini ya bari 1 inatosha. Na kuna ya mustari, yenye mirija yake inatoka kwa kufuatana mustari mumoja, kama P7100 ya Bosch, hiyo inakula sana, inataka karibu bari 1 na nusu mpaka 2 na zaidi wakati motere inazunguka kwa nguvu. Ukiweka pompi ya VE ku motere ya P7100 itawaka vizuri, ralanti (kuzunguka polepole bila kukanyaga) safi, mwenye kamyo anacheka, analipa, anaenda. Akibeba tani zake na kupanda kilima njia ya Likasi kamyo inakosa pumzi, na pale wanaanza kufungua ba injekta zenye hazina kosa. Kinyume chake pia ni hatari, VE ukiisukumia presyo kubwa spi yake (mupira wa kuzuia mazutu isitoke) inaanza kuvuja.

Wamarekani hii walishalipia. Pikap zao za Dodge Ram za dizeli, zenye motere ya Cummins, za kuanzia 1998 mpaka 2002 zilikuwa na pompi ya enjeksyo ya umeme, VP44, yenye inapozwa na kulainishwa na mazutu ileile inapita ndani. Pompi ndogo ya umeme iliwekwa pale ku motere, mbali na rezervwari, ikawa inachoka kimyakimya, na VP44 ya bei kali inakufa nayo. Ndio maana wenye hizo gari wanafunga manometre, saa ya kupima presyo, ndani ya kabini, ikishuka chini ya bari 0.7 wanasimama.

Presyo ikiwa inalingana na pompi ya enjeksyo, mimi kwa kamyo ya kazi nachagua ya mekaniki, ya pistoni, yenye inasukumwa na shafti ya kamu. Haiogope batri mbovu, iko na kifungo cha kupompa na mkono mazutu ikikatika porini. Ya membrani (kingozi cha mupira) chunguzeni joji, kijiti cha kupimia mafuta ya motere, mafuta yakipanda yenyewe na kunuka mazutu, membrani inaweza kuwa imepasuka. Ya umeme sikatai kama bloku haina nafasi, ila iwe ya volti za kamyo yenu (nyingi ni 24, na watu wananunua ya 12 inaungua), iwe chini karibu na rezervwari, sababu inajua kusukuma kuliko kuvuta, iwe na filtri kubwa ya kutenga maji mbele yake, relai, fizibu, na kontakteri (swichi) ya presyo ya mafuta ya motere ili motere ikizimika nayo ikate, kamyo ikipinduka isiendelee kumwaga mazutu.

Tena kabla ya kutupa pompi ya zamani, weka bomba fupi jipya moja kwa moja kutoka kwa bido safi mpaka ku hiyo pompi. Kamyo ikivuta vizuri basi pompi ni nzima, shida ni bomba linaingiza hewa ama uchafu mu rezervwari. Na klape ya retur, yenye inarudisha mazutu ya ziada mu rezervwari, muipime, resori (springi) yake ikichoka presyo inashuka hata pompi ikiwa mpya.

Ombi langu kwa wenye maduka, kupitia gazeti lenu: muandike ku fakitire presyo na volti ya pompi yenye munauza, na mukubali irudishwe kama manometre imeonyesha nyingine. Na ba patro, manometre iko bei ndogo kuliko injekta moja, muidai mbele ya kulipa garaji, na mupime kamyo ikiwa imebeba.

Makanisiye wa dizeli,
Lubumbashi