Adhis, sasa umeingia miezi ya mwisho

Adhis besti yangu,

Kama tungekuwa bado bodingi ningeanza na "natumai u buheri wa afya kama nilivyo mimi huku", lakini juzi umenitumia voisi ya dakika saba ukilia ati miguu imefura, hulali, na mtoto anapiga mateke kama ni debi ya Gor na Ingwe, kwa hivyo afya yako naijua. Nimeamua nikuandikie yote mara moja juu voisi zangu siku hizi hazifiki mwisho, huyu mtoto wangu akiniona na simu anakuja kuinyakua.

Kwanza hongera. Miezi mitatu ya mwisho inaanzia wiki ya 28, na wewe uko 29, yaani umevuka mlango tu hata viatu hujavua. Huyo mtoto saa hizi ana kilo moja na kitu. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili umwage karibu nusu, uibebe kwa mkono, ndio huyo. Ukifika wiki ya 32 atakuwa anakaribia kilo moja na robo tatu, kwa hivyo njaa ikikuamsha saa tisa usiku usijione mlafi, kuna mtu anajiwekea mafuta chini ya ngozi. Macho anafungua na kufunga, na anaskia. Mimi nilipokuwa na mimba, nikiwa steji matatu ikipiga honi karibu na mimi nilikuwa naskia mtu ameruka huko ndani, hadi nikaanza kusimama mbali. Mapafu ndio bado, yanajitengeneza pole pole, ndio maana mtoto akizaliwa saa hizi anahitaji usaidizi wa kupumua na kuwekwa kifuani kwa mama apate joto, lakini kila wiki anayokaa ndani ni faida.

Halafu kuna kwikwi. Mara ya kwanza niliogopa sana, nilikuwa nimelala na bakuli ya njugu za kuchemsha juu ya tumbo (meza nzuri kuliko hiyo sijawahi kupata) nikaona bakuli inadunda, ndu, ndu, ndu, upande mmoja tu kama saa ya ukutani, dakika kumi nzima. Ni kwikwi tu. Sasa hivi akiwa nayo namkumbuka venye alikuwa anatingisha njugu zangu.

Kwa upande wako wewe mwenyewe, mengi ni ya kukera tu, hayana hatari. Kiungulia kitakuchoma ukila usiku kisha ulale hapo hapo, kula kidogo kidogo na uweke mito miwili. Kupumua kunakuwa kazi juu tumbo linasukuma mapafu. Choo cha haja ndogo utakijua hadi rangi ya ukuta. Matiti yanaweza kutoa maji ya njano njano, ni yale maziwa ya kwanza, weka kitambaa uendelee na maisha. Tumbo nalo litakuwa linakaza ghafla linakuwa gumu kama mpira halafu linaachilia, huo ni uchungu wa uongo, ukitembea kidogo au ukinywa maji unaisha. Ukikataa kuisha na uanze kuja kwa mpangilio, kila dakika kadhaa na unazidi, huo sio wa uongo tena, ni mapema sana, enda hospitali. Na ile ya mguu kukaza usiku! Mimi nilipiga nduru saa nane usiku, mzee akaruka kitandani akachukua begi akafungua mlango akawa nje na boksa, kumbe ni nyama ya mguu tu imenishika. Ukishikwa, nyoosha mguu uvute vidole vije upande wako, usivielekeze chini, utalia.

Lala kwa ubavu. Kushoto ni kuzuri zaidi lakini hata kulia ni sawa, shida ni kulala chali, tumbo linakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo. Ukiamka ujipate chali usianze kuomba msamaha, geuka tu.

Sasa hapa ndio nilitaka kufika. Cheza na kila kitu lakini usicheze na mateke. Nilikuwa wiki ya 31, Jumamosi, nimefua mchana kutwa, jioni nikakaa nikajiuliza, kwani huyu leo amecheza saa ngapi? Sikukumbuka. Jirani akaniambia ni kawaida, ati mtoto akikua nafasi inaisha anatulia, kunywa soda baridi ulale. Nikanywa soda. Nikalala kwa ubavu nikaweka mkono nikahesabu. Kawaida unatakiwa ufikishe mara kumi ndani ya masaa mawili, mimi lisaa la kwanza nilipata mara mbili na la pili mara mbili tena, na hizo zenyewe ni za kubahatisha. Saa nne na nusu usiku tukaita teksi. Mahali tulienda, nesi wa kwanza akaniuliza "kwani haungengoja asubuhi?" bila hata kutoa macho kwa simu. Adhis, unanijua, mimi ni mtu wa kusema sawa sista na kurudi nyumbani. Siku hiyo nilikalia ile benchi nikakataa kutoka. Mwishowe akakuja mwingine wa makamo, akanipaka jeli baridi, akatafuta tafuta na kile kimashine, halafu nikaskia moyo unakimbia kama farasi. Alikuwa sawa. Lakini yule mama akaniambia maneno mawili, ati nimefanya vizuri kuja, na hata kesho akinyamaza nirudi tena, hakuna mtu ananihesabia safari.

Kwa hivyo hiyo stori ya mtoto kutulia karibu na kuzaliwa ukiambiwa huko Kondele, ikatae. Anaweza kubadilisha mchezo, badala ya teke unaskia kama mtu anajinyoosha kwa gunia, lakini kupunguza, hapana. Jifunze ratiba yake. Wangu alikuwa wa usiku baada ya chakula. Ukiona ratiba imebadilika toka uende, usiku huo huo.

Ya pili ni presha. Miguu kufura jioni na hilo joto lenu la Kisumu ni kawaida, mimi pete niliitoa na mafuta ya kupika na nikaenda kazini na patipati za mzee. Lakini uso na mikono ikifura ghafla, kichwa kikiuma na panadol haisaidii, uanze kuona nyota nyota, au maumivu chini ya mbavu, hiyo ni dharura, inaweza kugeuka kifafa cha mimba. Damu ikitoka hata tone, au maji yakimwagika, pia usingoje. Na viganja na nyayo zikiwasha sana usiku na hakuna upele, sema kliniki wapime ini.

Na Adhis, odowa, hayo mawe unayotafuna. Usinidanganye, najua ile karatasi kwa mkoba inatoka soko la Kibuye. Hiyo tamaa mara nyingi ni damu imepungua, na hayo mawe yanaweza kuwa na minyoo na hata madini ya risasi. Waambie wapime damu. Zile tembe za kuongeza damu meza na chungwa, usimeze na chai, chai inazuia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Omena (dagaa) na mboga za osuga na dek mko nazo huko bei ya chini kuliko sisi, kula. Pia mimi huku Nakuru sikupewa dawa ya kuzuia malaria, lakini nyinyi wa upande wa ziwa mnapewa Fansidar kliniki, tembe tatu unameza mbele ya nesi, na ukirudi baada ya mwezi unapewa tena. Usizifiche kwa shavu kama ulivyokuwa unafanya na dawa za metron. Na ulale ndani ya neti.

Mengine ni ya kupanga: hakikisha SHA yako, ile bima ya afya, inafanya kazi, mjue damu yako ni grupu gani, uwe na namba ya mtu wa gari anayeshika simu usiku, na kitabu cha kliniki kisitoke kwa mkoba. Kazini waandikie barua ya livu mapema, sheria ni angalau siku saba kabla, na miezi mitatu na mshahara wote ni haki yako, hawakusaidii.

Kuhusu kuja huku kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya sista, ukiwa wiki ya 31 na kliniki wamesema uko sawa, njoo, lakini chukua kiti cha kando ya njia uweze kunyoosha miguu, na gari ikisimama Londiani Junction ushuke utembee hata kama hauskii choo. Mshipi upite chini ya tumbo. Na kitabu uje nacho.

Alhamisi ukitoka kliniki nitumie namba za presha na za damu kabla hata haujapanda boda, hizo nataka kuziona kwa maandishi. Na kwa hiyo begi ya ruracio acha nafasi ya omena za Dunga, za hapa zina mchanga.

Wako,
Shiro