Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: msitupandishie panga lile lile

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ndo fundi umeme wa kijiji niliyeachiwa funguo za kibanda cha betri, pale kwenye mtambo wa upepo unaoendesha pampu ya kisima na taa za zahanati. Juzi usiku panga moja la mtambo, lile bawa refu linalozungushwa na upepo, limekatika likaruka mpaka uwanja wa shule. Mungu katunusuru, ingekuwa mchana tungekuwa tunazika watoto saa hizi. Sasa maji tunafata bondeni, mke wangu anaamka saa kumi alfajiri, na zahanati nesi anazalisha kwa tochi ya simu.

Mheshimiwa, siku ya uzinduzi ulisimama mbele ya wazee ukasema upepo wa huku ni utajiri na mtambo utakaguliwa kila msimu. Utajiri ni kweli, ila upepo ukiongeza kasi mara mbili nguvu yake inapanda mara nane na panga ndo linabeba yote. Mkaguzi hatujamuona. Niliandika barua kwamba ukingo wa mbele wa panga umeliwa, kiangazi upepo wetu unabeba mchanga na ncha ya panga inakimbia sana, rangi inachubuka, unyevu unaingia, gundi na nyuzi za kioo zinaanza kuachana ndani kwa ndani na wewe uliye chini unaona kamstari tu. Nahisi ndicho kilichotokea, au radi za masika zilichangia, sijui, mngemleta mtaalamu tungejua.

Na dawa ipo mheshimiwa. Kuna madini na kauri zenye tabia inayoitwa pizo, ukiyaminya yanatoa umeme, ndo yanayotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi cha kubonyeza. Pierre na Jacques Curie wa Ufaransa waliionyesha dunia tabia hiyo mwaka 1880, kwahiyo mtu asiniambie ni teknolojia ngeni. Vipande vyake vyembamba vikibandikwa ndani ya panga, kila likipinda vinatoa umeme kidogo, ufa ukianza ule mtikisiko unabadilika, mtambo unazimwa kabla panga halijaruka. Wenzetu wa kituo cha utafiti cha Risø kule Denmark wameshafika mbali, wametengeneza hadi ukingo wa nyuma wa mpira unaobadilika umbo ili kishindo cha upepo kisilichoshe panga. Mimi siombi makubwa hayo.

Nasikia panga jingine la aina ile ile liko njiani na mkandarasi ni yule yule. Nakuomba mheshimiwa lisipandishwe. Tuleteeni lenye sensa za pizo, yaani vile vipande vya kuhisi ufa, ndani na ukanda wa kukinga ukingo wa mbele, mnifundishe kuzisoma, nitapanda mwenyewe bila malipo. Lenye sensa mheshimiwa. Shule bado iko pale pale chini ya mtambo na Jumatatu watoto wanarudi darasani.

Wako mtiifu,
Fundi wa kijiji