Barua ya wazi kwa Rais wa CAF: wale 11 wa Freetown

Mheshimiwa Dkt. Patrice Motsepe,
Rais wa Shirikisho la Soka Barani Afrika,
Cairo, Misri.

Mheshimiwa Rais, shikamoo. Kwetu Tanga mtu hamwanzi mkubwa kwa shida zake kabla ya kumwamkia, hata mkubwa huyo akiwa mbali kama Cairo.

Nakuandikia kuhusu mechi iliyochezwa Freetown, Sierra Leone, tarehe 8 Oktoba 1949. Nigeria iliwafunga wenyeji 2-0, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya kimataifa ya Nigeria. CAF ilikuwa bado haijazaliwa. Ilikuja kuzaliwa Khartoum, Februari 1957. Nigeria ilikuwa imebakiza miaka 11 kupata uhuru, Sierra Leone karibu 12. Vijana wa pande zote mbili walikuwa chini ya mfalme mmoja wa Uingereza, hakuna aliyekuwa na bendera ya uhuru ya kuipandisha, lakini waliingia uwanjani hawa wakiitwa Nigeria na wale wakiitwa Sierra Leone. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Mpira uliwatangulia wanasiasa.

Ombi langu ni moja. Kabla ya AFCON ya 2027, itakayochezwa hapa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, CAF itume watu nchi kwa nchi wakawarekodi wazee waliocheza au waliozishuhudia mechi za kabla ya uhuru. Wamebaki wachache, na kila mwaka tunawazika. Naomba unisikilize nieleze kwa nini jambo hili linaninyima usingizi.

Safari iliyozaa mechi ile ilianzia Lagos. Tarehe 16 Agosti 1949 wachezaji 18 walipanda meli MV Apapa, wakakaa baharini siku 13, wakashuka Liverpool tarehe 29. Nahodha alikuwa Etim Henshaw. Mbele alikuwepo Teslim Balogun, aliyepewa jina la "Thunder", yaani radi, kwa mashuti yake, na Titus Okere naye alikuwemo. Tarehe 31, siku mbili tu baada ya kushuka melini, wakacheza na Marine, timu ya ridhaa ya Crosby, wakaichapa 5-2.

Baada ya hapo njia ilipanda mlima. Timu za ridhaa za Uingereza za wakati ule, kina Bishop Auckland na Dulwich Hamlet, zilikuwa na wenyewe. Ziara nzima ilikuwa ya mechi 9: walishinda 2, wakatoka sare 2, wakafungwa 5. Sioni aibu yoyote katika hesabu hiyo. Ni vijana wa ridhaa waliosafiri karibu wiki mbili kwa maji, wakacheza kwenye baridi wasiyoizoea na nyasi wasizozizoea, na wengi wao walicheza pekupeku. Kwenye picha za ziara ile unawaona wamesimama kwenye nyasi, jezi safi, vifundo vimefungwa bandeji, vidole vya miguu viko wazi.

Nilipoiona picha ya namna hiyo mara ya kwanza, niliona miguu ya babu yangu.

Babu alicheza mpira hapa Ngamiani miaka ya 1950, beki wa kulia. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia hakikuwa na ukucha. Mahali pake palikuwa na ngozi ngumu, nyeusi, inayong'aa kama kokwa ya ukwaju. Alikuwa akitueleza mpira wa ngozi wa zamani ulivyokuwa. Mdomo wake ulifungwa kwa kamba, na mvua ikinyesha ulikunywa maji mpaka ukawa mzito kama furushi la nguo mbichi. Ukiupiga kwa ncha ya kidole umejimaliza mwenyewe. Kwa hiyo hawakupiga kwa ncha. Walikunja vidole chini wakapiga kwa mgongo wa mguu, au wakaukata kwa ubavu, na mtu aliyejua kukata kwa ubavu aliweza kuuzungusha mpira kutoka kona mpaka mlingoti wa pili wa goli. Babu alitufundisha hayo barazani, mguu wake juu ya mkeka, akivikunja vidole kimoja kimoja kwa mkono ili tuone.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikia pekupeku ikisimuliwa kama habari ya umaskini peke yake. Viatu vilikuwa ghali, ni kweli. Lakini ule ulikuwa ufundi kamili, wenye kanuni zake, na haukuwa wa pembe moja ya dunia. Julai 1948 India walicheza na Ufaransa kwenye Olimpiki ya London, wengi wao bila viatu, wakalala 2-1 tu. Mwaka 1951 Gold Coast, yaani Ghana ya leo, nao wakaenda Uingereza pekupeku, na ndani ya kikosi kile alikuwemo kijana C.K. Gyamfi, ambaye baadaye akiwa kocha aliipa Ghana Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu: 1963, 1965 na 1982. Jirani zetu Uganda wakaenda 1956. Kwa maoni yangu, kombe unalolisimamia leo, Mheshimiwa, lilianza kupikwa kwenye meli zile, miaka mingi kabla ya kuwepo mtu wa kulikabidhi.

Lakini turudi Freetown, maana pengo liko huko.

Upande wa Nigeria majina yapo. Balogun alirudi Uingereza akachezea Queens Park Rangers, na leo kuna uwanja wenye jina lake Surulere, Lagos, jirani kabisa na Uwanja wa Taifa ambako Taifa Stars wetu walicheza mechi yao ya kwanza ya AFCON, Machi 1980, wakafungwa 3-1 na Nigeria hiyohiyo. Okere alikwenda Swindon Town. Henshaw hutajwa kila anapotajwa nahodha wa kwanza wa Nigeria. Sawa, wanastahili.

Sasa wale 11 wa Sierra Leone? Wao ndio waliopokea wageni, na bila wao Nigeria isingekuwa na mechi ya kwanza. Lakini siku ile inaposimuliwa, utasikia jina la nchi yao na sifuri yao, basi. Huwasikii wakitajwa mmoja mmoja. Golini alikaa nani? Nani alipewa kazi ya kumkaba Balogun dakika 90, na usiku ule alikwenda kulala akiwaza nini? Vijana wale walikuwa na mama zao. Kuna mtaa Freetown ambako kesho yake asubuhi watu waliwaamkia kwa majina.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limetupata nyumbani.

Ng'ambo ya babu haikuwa Liverpool, ilikuwa Pemba. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya 1950, timu yao ya mtaa ilipanda jahazi hapa Tanga jioni, ikavuka usiku kwa upepo wa kusi, ikafika Wete asubuhi huku nusu ya kikosi wamelowa na wametapika. Alasiri wakacheza, wakafungwa 3-1. Babu alikuwa akisimulia mechi ile kama mtu anayesimulia harusi yake. Aliandika kikosi chote kwenye daftari la mistari, kwa wino wa buluu: majina 11, kila jina na kazi ya mwenyewe pembeni, na chini kabisa nauli ya jahazi na idadi ya nazi walizopewa na wenyeji kama zawadi ya kurudia.

Alipofariki, daftari likawa langu. Miaka kadhaa baadaye ofisi moja ilitangaza kwamba inakusanya kumbukumbu za michezo ya zamani. Sitaitaja, maana aliyenipokea alinipokea kwa heshima na nia yao ilikuwa njema. Nilipeleka daftari kwa mikono yangu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sikupewa hati ya mapokezi, nami sikuidai. Baada ya miezi 8 nilirudi kuuliza, nikaambiwa chumba kimehamishwa na maboksi bado hayajafunguliwa. Nikarudi tena, na tena. Safari ya mwisho yule aliyenipokea alikuwa ameshahamishwa, na aliyekaa kwenye kiti chake hakuwa na habari ya daftari lolote.

Sikuwa nimelipiga picha hata ukurasa mmoja.

Jioni ile nilikaa na mama jikoni tukajaribu kukirudisha kikosi kichwani. Tulipata majina 7. Wanne waliobaki tuliwakumbuka kwa kazi zao tu: kinyozi, karani wa bandari, mvuvi, na fundi viatu, ambaye babu alikuwa akicheka kila akimtaja, kwa kuwa alishona viatu vya mji mzima na bado akacheza pekupeku. Ilikuwa imepita miaka 60 na kitu tu tangu mechi ile ya Pemba. Ilikuwa timu ya mtaa, haikuwa timu ya taifa, najua. Ila nilielewa jioni ile jinsi watu 11 wanavyoweza kufutika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba kazi hii ifanywe kwa namna ambayo haitamwachia mtu mwingine kidonda kama changu. Mtu atakayetumwa asichukue kitu kwenye nyumba ya mzee. Picha, jezi, medali, barua, vyote avipige picha palepale mezani na kuviacha palepale. Sauti ya mzee inaswe kwa lugha anayoiota: wa Freetown kwa Kikrio, wa Wete kwa Kiswahili cha Wete, wa Kampala kwa Kiganda. Nakala moja ibaki kwa familia siku hiyohiyo, hata kama ni kwenye simu ya mjukuu, nyingine iende kwenye shirikisho la nchi, nyingine ije kwako Cairo. Wala haihitaji fedha nyingi. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na adabu ya kukaa na wazee anatosha wilaya nzima.

Na isianze na mabingwa. Ianze na waliofungwa, maana mabingwa wana watu wa kuwasimulia. Ianze na Freetown, kwa watoto na wajukuu wa wale 11. Kisha ije ukanda wetu, ambako hazina ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kombe la Gossage lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda, likaipokea Tanganyika 1945 na Zanzibar 1949, mwaka uleule wa Freetown. Miaka 40 kamili watu walisafiri kwa treni, kwa meli na kwa malori kwenda kulipigania. Waliokuwa watoto wa kuokota mipira kwenye mechi za mwisho za kombe lile bado wapo, wanakaa barazani Mombasa, Unguja, Kampala na Dar es Salaam. Ikifika 2027, wageni wakaja kwenye viwanja vyetu, ingekuwa heshima kubwa wapite kwanza mahali wanaposikia sauti za wazee hao kabla ya kusikia filimbi.

Najua ofisi yako ina mengi: ratiba, viwanja, waamuzi, haki za televisheni. Hayo yana wenyewe wanaoyadai kila siku. Wazee hawadai. Wanakaa tu na wanachokijua mpaka mtu aje kuwauliza.

Mmoja wao yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ameshavuka miaka 90. Kwenye safari ile ya Pemba alikuwa kijana wa kubeba maji, na mwaka jana, nilipomsomea majina yetu 7, alifumba macho kidogo akanitajia la mvuvi, pamoja na jina la ngalawa yake. Wakawa 8. Fundi viatu anamkumbuka kwa jina la utani tu, kinyozi anasema jina liko ulimini, na karani wa bandari bado hatujampata.

Ukituma mtu, Mheshimiwa, aje baada ya sala ya alasiri, ndipo mzee anapotoka nje kukaa. Akae upande wa sikio lake la kulia. Na aanze kwa kumuuliza habari za fundi viatu, maana akishaguswa hapo hanyamazi mpaka magharibi.

Wako katika mpira,
Mjukuu wa beki wa kulia,
Ngamiani, Tanga.