Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: naomba daftari

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nje ya mkutano, maana mara zote nne nilizofika ofisini kwako niliambiwa uko mkutanoni.

Jumamosi iliyopita vijana wako wa usalama waliingia katika ukumbi uleule ulioturuhusu kuutumia, kwa kinywa chako, mwezi wa pili. Ulisema siku ile kwamba tangu baraza la mawaziri la Uganda likipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wapenzi wake wasinyimwe hata kiti. Viti sikunyimwa, nilivikodi: 80, kwa mkopo wa chama cha akiba ambao mke wangu ameujua leo asubuhi. Walichobeba ni madaftari 23 ya hadithi. Kosa letu, eti kupanga vita.

Mheshimiwa, lilikuwa shindano la hadithi za lau. Lau Idi Amin asingevusha askari wake hadi Kagera, Tanzania, Oktoba 1978? Lau ndege ya Libya iliyotumwa kupiga Mwanza Machi 1979 isingekosa shabaha, ikaishia kuua swala kisiwani Saanane? Na vita vya kesho, droni ikijichagulia yenyewe wa kumpiga, nani ataulizwa?

Kilichotuponza ni mchoro. Afande aliuinua juu, akataka kujua tunalenga daraja gani. Nikamwambia ni la Kyaka, kule Tanzania, na lilishalipuliwa mwaka 1978 na jeshi la Amin. Akaandika jina langu.

Labda kuna mtu alikuletea maneno. Labda ni lugha yenyewe: hapa kwetu wazee wengi Kiswahili walikisikia kwanza kwa mwenye bunduki, na anayekiongea kwa sauti kubwa ukumbini bado anashukiwa. Basi tuseme hivyo. Wizara ya ulinzi ya Ufaransa ilitangaza mwaka 2019 kwamba itawatumia waandishi wa hadithi za kubuni kuwazia vita ambavyo bado havijaja. Wetu wakiwazia, wanaitiwa afande.

Kati ya hayo madaftari, moja ni la msichana wa kidato cha tatu. Bibi yake alijificha migombani karibu na Lukaya mwaka 1979, mizinga ile ya Watanzania tuliyoiita saba saba ikinguruma. Katika hadithi yake saba saba zimekuwa droni zinazojua sura ya kila mtu kijijini. Moja inamwona bibi, inamtambua kwa jina, kisha inaona mkungu wa matoke kichwani pake na kudhani ni kombora. Nilisoma hadi hapo tu. Mwisho wake uko kwenu, na nakala nyingine hakuna.

Kila jioni anapita kwangu. Salamu siku hizi hana, anasimama mlangoni na kuuliza, "Mwalimu, limerudi?"

Ukumbi uchukue, Mheshimiwa. Kibali chukua. Jina langu libaki huko lilikoandikwa, na deni la viti nitalipa mwenyewe. Yale 22 nitayafuata siku nyingine, ingawa nayo ni haki yetu na ahadi ilikuwa yako. Leo naomba hilo moja: jalada la kaki, kona ya chini imelowa chai. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa langoni kwako, uwe mkutanoni usiwe.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu wa Kiswahili